Maswali na majibu: Waingereza walivyoishika India, na walivyoiachia

Barua zenu kuhusu India chini ya Waingereza zimekuwa nyingi kuliko nilivyotarajia. Siwezi kuzijibu zote, lakini nimechagua sita ambazo zikijibiwa, nyingine nyingi zitakuwa zimejibika humohumo.

Shikamoo mwalimu. Nasikia Waingereza walioitawala India walikuwa wachache mno ukilinganisha na wenyeji. Waliwezaje? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Niruhusu nikae hapa kidogo, maana swali lako ndilo mlango wa mengine yote.

Waliotangulia hawakuja kama serikali, walikuja kufanya biashara. Kampuni ya Uhindi ya Mashariki ilipewa hati na Malkia Elizabeth wa Kwanza siku ya mwisho ya mwaka 1600, na kwa zaidi ya karne moja na nusu ilikuwa ikinunua vitambaa, hariri na viungo kwa idhini ya watawala wa huko. Mambo yaligeuka Juni 1757 huko Plassey, Bengal. Robert Clive alikuwa na askari wapatao 3,000, wengi wao Wahindi. Nawabu, yaani mtawala wa Bengal, Siraj ud-Daulah, alikuwa na makumi ya maelfu. Lakini jemadari wake Mir Jafar alikwisha kupatana na Clive kwa siri, na matajiri waliokuwa wakikopesha fedha pale Bengal walikuwa upande huohuo. Vita vilipoanza, Mir Jafar alisimama kando na jeshi lake, akitazama. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwaka 1765 Kampuni ikapata haki ya kukusanya kodi ya Bengal, Bihar na Orissa. Hapo ndipo utawala wenyewe ulipoanza. Mkulima alitoa kodi, kodi ikamlipa askari wa Kihindi, askari akamlinda mtoza kodi. Bidhaa zilizopelekwa London nazo zikawa zinanunuliwa kwa kodi hiyohiyo, yaani Mhindi aliuza kitambaa chake akalipwa kwa fedha zake mwenyewe. Miaka mitano baadaye, mwaka 1770, njaa iliua mamilioni ya watu Bengal, na kodi iliendelea kudaiwa.

Kufikia 1857 jeshi la Kampuni lilikuwa na Wahindi zaidi ya 200,000 na Wazungu wapata 40,000. Ndiyo maana askari wa Meerut walipoasi tarehe 10 Mei mwaka huo, dola nzima ilitikisika. Walikuwa wameletewa bunduki mpya ambazo karatasi ya risasi zake iling'atwa kwa meno kabla ya kupakia, na habari zikaenea kwamba imepakwa mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe. Mhindu na Mwislamu wakatiwa najisi kwa pigo moja. Uasi ulizimwa kwa ukatili mkubwa, mfalme wa mwisho wa Delhi, Bahadur Shah Zafar, akapelekwa uhamishoni Rangoon, Burma, na kufia huko mwaka 1862. Mwaka 1858 Kampuni ilinyang'anywa utawala, na serikali ya Uingereza ikaushika yenyewe.

Mwalimu, mara unaandika "Mhindi", mara "Mhindu". Ni kosa la uchapaji? (Msomaji, Zanzibar)

La hasha. Mhindi ni mtu wa asili ya India, wa dini yoyote ile. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Ukizichanganya, historia ya mwaka 1947 haitakuingia kamwe.

Kwa nini Gandhi alichagua chumvi? Hakukuwa na dhuluma kubwa zaidi ya hiyo? (Msomaji, Kisumu)

Kila nikifundisha sura hii huweka kibakuli cha chumvi mezani, nikamwita mwanafunzi mmoja aonje, kisha nikamwambia: umeshavunja sheria. Darasa hunyamaza.

Chini ya sheria ya Waingereza, kutengeneza na kuuza chumvi kulikuwa mikononi mwa serikali, nayo ilitozwa kodi. Mtu aliyezaliwa kando ya bahari hakuruhusiwa kuokota chumvi iliyokaushwa na jua miguuni pake. Hata baadhi ya viongozi wenzake Gandhi katika chama cha Congress waliona jambo hili ni dogo mno. Yeye aliona mbali zaidi. Mwenye nyumba kubwa na mvunja mawe, Mhindu na Mwislamu, wote wanatia chumvi chunguni, na maskini anayetoka jasho shambani ndiye anayeihitaji zaidi.

Tarehe 12 Machi 1930 aliondoka makao yake ya Sabarmati kwa miguu na wafuasi 78, akiwa na umri wa miaka 60. Siku 24 njiani, kijiji hadi kijiji, msururu ukizidi kurefuka. Asubuhi ya tarehe 6 Aprili, ufukweni Dandi, aliinama akaokota bonge la tope lenye chumvi. Kitendo cha kufumba na kufumbua. Baada ya hapo watu wakaanza kuchemsha maji ya bahari pwani nzima, na zaidi ya watu 60,000 wakatiwa ndani.

Mimi naona siku nzito zaidi ilikuwa tarehe 21 Mei, kwenye mashamba ya chumvi ya Dharasana. Gandhi alikwisha kukamatwa, na aliyeongoza alikuwa Sarojini Naidu, mshairi. Watu walisogea safu kwa safu hadi walipokuwa polisi wenye marungu yaliyofungwa chuma. Safu ya mbele ilipigwa vichwani ikaanguka, bila mtu hata mmoja kuinua mkono ajikinge. Wanaobeba majeruhi wakapita, na safu ya pili ikasogea. Mwandishi wa habari wa Kimarekani, Webb Miller, alikuwepo, na taarifa yake ikasomwa dunia nzima. Polisi waliokuwa wakipiga nao walikuwa Wahindi. Hilo halinitoki akilini.

Lakini si Waingereza waliowaletea reli? (Msomaji, Dodoma)

Reli waliijenga, ni kweli. Treni ya kwanza ya abiria ilitoka Bombay kwenda Thane mwaka 1853. Lakini uliza nani aliilipia. Kampuni za reli zilihakikishiwa faida ya asilimia 5 kwa mwaka, na biashara isipofikisha kiasi hicho, pengo lilizibwa na kodi za Wahindi. Tena reli hazikuzuia njaa. Mwaka 1943 Wabengali wapatao milioni 3 walikufa. Wajapani walikuwa wameiteka Burma na mchele wake haukuja tena, matumizi ya vita yalikuwa yamepandisha bei hadi kibarua akashindwa kununua chakula, na serikali ilikuwa imezishika mashua za wanavijiji zisije zikaangukia mikononi mwa adui. Siwezi kuandika habari za reli bila kuandika habari hizi.

Uhuru uliletwa na Gandhi au na Vita Kuu ya Pili? (Msomaji, Bujumbura)

Gandhi aliwafundisha mamilioni kutoogopa, na hiyo si kazi ndogo kwa watu waliokumbuka Amritsar. Tarehe 13 Aprili 1919, Jenerali Dyer aliingia na askari wake katika uwanja wa Jallianwala Bagh mjini humo, uliozungukwa na kuta, akaamuru wapige umati bila kuwaonya. Dakika kama kumi, risasi 1,650. Serikali ilihesabu maiti 379, Congress ikasema wapata 1,000. Alama za risasi bado ziko ukutani.

Ila aliyeuvunja mgongo wa utawala, kwa maoni yangu, ni yuleyule askari wa Kihindi. Subhas Chandra Bose aliongoza jeshi la Wahindi lililopigana bega kwa bega na Wajapani, na Waingereza walipowashtaki maofisa wake ndani ya Ngome Nyekundu, Delhi, mwishoni mwa 1945, nchi iliwaka hasira. Februari 1946 mabaharia wa jeshi la majini waligoma Bombay, mgomo ukaenea hadi Karachi. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na madeni, yakiwemo makubwa iliyodaiwa na India yenyewe. Ikajua kwamba mikono iliyoishikia nchi ile haikuwa yake tena. Mwaka uliofuata ikaondoka.

Mama yangu ni wa asili ya Punjab, na hataki kabisa kuzungumzia 1947. Kulitokea nini? (Msomaji, Nairobi)

Usimlazimishe, dada. Akiamua kusema, msikilize.

Waziri Mkuu Attlee alitangaza kwamba Waingereza wataondoka si baada ya Juni 1948. Mountbatten, makamu wa mfalme, akaisogeza tarehe hadi Agosti 1947. Nchi iligawanywa kwa dini: sehemu zenye Waislamu wengi zikawa Pakistan, zenye Wahindu wengi zikabaki India. Kazi ya kuchora mpaka kati ya India na Pakistan alipewa wakili wa London, Cyril Radcliffe, ambaye hakuwa amewahi kukanyaga huko. Alifika tarehe 8 Julai, na kwa wiki tano tu alizigawa Punjab na Bengal. Mpaka ulitangazwa tarehe 17 Agosti, siku mbili baada ya bendera kupandishwa. Kuna watu walioshangilia uhuru bila kujua wako nchi gani! Waliohama ni kati ya milioni 12 na 15, na waliouawa ni mamia ya maelfu, wengine wanasema milioni moja au zaidi. Treni ziliingia Lahore na Amritsar zimejaa maiti. Makumi ya maelfu ya wanawake walitekwa, na wengi wao hawakusimulia hadi kufa. Haraka ile ilikuwa dhambi, na siwezi kuiita jina jingine.

Hapo ulipo, Nairobi, kuna kumbukumbu moja unayoweza kumpelekea mama. Makhan Singh, mwana wa Punjab aliyelelewa Nairobi, alifungwa na Waingereza India wakati wa vita, akarudi Kenya mwaka 1947. Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, alitoa hoja ya uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa, na hakuachiwa hadi 1961. Kijiji alichozaliwa kiko wilaya ya Gujranwala. Alipotoka kizuizini, kwa miaka 14 sasa kilikuwa ndani ya Pakistan.