Wasomaji Wanauliza: Je, Mpira wa Cantona Ulitoka Kwenye Hasira Zake?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa timu ya vijana wa chini ya miaka 17 hapa Tanga. Nina mshambuliaji mmoja ambaye akigusa mpira uwanja mzima husimama, lakini msimu huu ametolewa kwa kadi nyekundu mara tatu, na mara ya mwisho alimrushia mwamuzi mpira. Wazee wa timu wananiambia nimwache alivyo, kwa kuwa Eric Cantona naye alikuwa hivyo hivyo, na kwamba ukimtoa hasira utakuwa umemtoa na mpira wake. Je, historia ya Cantona inathibitisha maneno hayo? Na Alex Ferguson alimfanyia nini ambacho walimu wengine hawakukifanya? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Mwalimu, hao wazee wanamkumbuka Cantona wa jezi namba 7 na kola iliyosimama, na hatuwalaumu, kwa kuwa aliyemwona hamsahau. Hata hivyo, ukifuatilia maisha yake ya soka mwaka kwa mwaka, utaona kwamba hasira zilimpunguzia mpira kila zilipomshika, na kwamba kipindi chake kizuri kuliko vyote ni kile alichojizuia.

Tuanzie Ufaransa. Cantona alizaliwa Marseille mwaka 1966 na akalelewa kisoka Auxerre, chini ya mwalimu Guy Roux. Mwaka 1987 alimpiga ngumi kipa wa timu yake mwenyewe. Mwaka 1988 alimtukana hadharani kocha wa timu ya taifa, Henri Michel, akafungiwa kuichezea nchi yake. Mwaka huohuo Marseille walimsajili kwa fedha ambazo zilikuwa rekodi kwa soka la Ufaransa, lakini mapema mwaka 1989, katika mchezo wa kirafiki dhidi ya Torpedo Moscow, aliupiga mpira kwenye jukwaa la mashabiki na kuivua jezi yake akaitupa. Akapelekwa Bordeaux kwa mkopo, kisha Montpellier, ambako alimrushia mwenzake viatu usoni. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, lakini huyu alicheza kwao akaishia kuzungushwa klabu hadi klabu.

Sasa fika mwaka 1991, kwa sababu hapo kuna jambo linalomhusu kijana wako moja kwa moja. Akiwa Nîmes, mwezi Desemba, Cantona alimrushia mwamuzi mpira. Alipoitwa mbele ya kamati ya nidhamu na kufungiwa mwezi mmoja, alimwendea kila mjumbe na kumwita mpumbavu, mmoja baada ya mwingine, na adhabu ikaongezwa. Siku chache baadaye alitangaza kuacha mpira, akiwa na umri wa miaka 25. Mwalimu, tunaomba uwaeleze wazee habari hiyo bila kuipunguza, kwamba Cantona wanayempenda alikaribia kupotea kabisa kabla Uingereza haijamwona, na kilichomwokoa ni watu waliomfuata na kumshawishi, akiwemo Michel Platini, aliyekuwa kocha wa Ufaransa wakati huo. Alijiunga na Leeds United mapema mwaka 1992 na akatwaa nao ubingwa msimu huohuo. Mwezi Novemba mwaka huo Manchester United, ambao hawakuwa wamepata ubingwa tangu 1967, walimchukua kwa pauni milioni 1.2, na mwezi Mei 1993 kombe likarudi Old Trafford, uwanja wao.

Ferguson, mwalimu wa Manchester United, alifanya nini? Watu wengi hujibu kwamba alimwachia afanye atakavyo. Ni kweli kwamba mkali huyo, aliyewafokea wachezaji wake mpaka vyumba vya kubadilishia nguo vikatetemeka, hakumfokea Cantona jinsi alivyowafokea wengine. Lakini sisi tunaona jambo la maana zaidi lilitokea uwanja wa mazoezi. Katika siku zake za mwanzo pale The Cliff, mazoezi yalipokwisha na wenzake wakiondoka, Cantona alimwomba Ferguson ampe wachezaji wawili na kipa. Ferguson alipouliza wa kazi gani, akajibu kuwa anataka kufanya mazoezi. Walibaki uwanjani, wenzake wakimpigia krosi naye akiunganisha mpira kabla haujagusa chini, tena na tena. Siku zilizofuata wengine walianza kubaki pia, na vijana wa wakati ule, akina David Beckham, Paul Scholes na Gary Neville, walikua wakiona hivyo. Ferguson alitambua kwamba mtu huyu alikuwa na nidhamu ya kazi kuliko wengi, akaijenga timu juu ya nidhamu hiyo huku akiyavumilia mengine.

Uvumilivu huo nao uligharimu. Mwezi Machi 1994 Cantona alitolewa kwa kadi nyekundu katika michezo miwili mfululizo, dhidi ya Swindon na dhidi ya Arsenal. Kisha ikaja tarehe 25 Januari 1995, uwanja wa Selhurst Park, dhidi ya Crystal Palace. Beki Richard Shaw alikuwa amemganda, na mapema katika kipindi cha pili Cantona akamrushia teke, akaonyeshwa kadi nyekundu. Alikuwa akitembea kandokando ya uwanja kuelekea nje, kola ikiwa imeanguka, mtunza vifaa wa timu akiwa pembeni yake, pale shabiki mmoja aliposhuka kutoka kwenye viti vya nyuma hadi mbele ili amtukane. Cantona akaruka kwa mguu juu ya ubao wa matangazo, kisha akaongeza ngumi. Chama cha soka cha Uingereza kilimfungia hadi tarehe 30 Septemba na kumtoza faini ya pauni 10,000. Mahakama ilimhukumu kifungo cha wiki mbili, ambacho baada ya rufaa kiligeuzwa kuwa saa 120 za kuitumikia jamii, naye akazimaliza kwa kuwafundisha watoto mpira. Msimu huo United walipoteza ubingwa kwa Blackburn kwa pointi moja tu, na fainali ya Kombe la FA wakafungwa na Everton bao 1-0. Anayesema hasira zilikuwa ndio mpira wake aitazame hiyo pointi moja.

Katikati ya mwaka 1995 Cantona alitaka kuondoka. Ferguson alisafiri hadi Paris, akachukuliwa kwa pikipiki hadi mgahawani kukutana naye, wakazungumza hadi akakubali kubaki. Alirudi uwanjani tarehe 1 Oktoba dhidi ya Liverpool, akampa Nicky Butt pasi ya bao katika dakika za mwanzo kabisa na baadaye akafunga penalti, mchezo ukaisha 2-2. Mwezi Machi na Aprili 1996 United walishinda 1-0 dhidi ya Newcastle, Arsenal, Tottenham na Coventry, na mabao yote manne ni yake. Ubingwa ulipatikana, na katika fainali ya Kombe la FA, akiwa nahodha, alifunga bao pekee dhidi ya Liverpool dakika tano tu kabla ya mchezo kumalizika. Tangu arudi hadi alipostaafu hakuonyeshwa tena kadi nyekundu akiwa na United. Kwa hiyo, mwalimu, mbakize kijana wako baada ya mazoezi, mpe wenzake wawili na kipa, umtazame anafanya kazi kwa muda gani. Hapo ndipo utakapojua una mchezaji wa namna gani. Na kwa hilo la mwamuzi, mwadhibu.

SWALI: Kwa nini Cantona hakuwa na timu ya Ufaransa iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1998? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Siku ya Selhurst Park ndugu huyo alikuwa nahodha wa Ufaransa. Alipokuwa amefungiwa kucheza, kocha wa Ufaransa Aimé Jacquet aliijenga timu upya akimzunguka Zinédine Zidane, na Cantona hakuitwa tena, hata katika Euro ya 1996 alipokuwa katika ubora wake. Aliichezea nchi yake michezo 45 na kuifungia mabao 20. Mwezi Mei 1997, baada ya ubingwa wa nne akiwa na United, alistaafu, zikiwa zimebaki siku chache atimize miaka 31. Fainali ya Kombe hilo la Dunia, kule Saint-Denis, ilichezwa miezi 14 baadaye.