Jibu: Kwa nini Antigone anamkataa Ismene?

Habari ndugu. Umekwama hapa: Ismene yuko tayari kufa na dada yake, mbona Antigone anamkataa? Niliposoma Antigone, tamthilia hii ya Mgiriki wa kale Sophocles, mara ya kwanza, nami nilimwona Antigone katili.

Kwanza rudi kwenye mazungumzo yao ya mwanzo, nje ya jumba la mfalme. Mfalme Creon amepiga marufuku kumzika kaka yao Polyneices, na Antigone anaomba mkono wa kumsaidia kuinua maiti. Ismene anajibu kwamba wao ni wanawake, hawawawezi wenye nguvu. Kisha anaahidi kumtunzia siri! Hapo ndipo Antigone anapowaka hasira: anamwambia aende akaitangaze. Ukilishika hilo, halikushangazi Antigone anaposema baadaye, akiwa ameshakamatwa kwa kumzika kaka yao na Ismene anataka kufa naye, kwamba hampendi rafiki wa maneno matupu. Na neno la Kigiriki philos hubeba rafiki na ndugu wa damu kwa pamoja, ndiyo maana kauli ile inauma mara mbili.

Mimi hata hivyo namtetea Ismene. Anasimama mbele ya Creon, machozi yamelowesha mashavu, na kudai kosa ambalo hakulitenda. Mwishowe Creon anamwachia huru; kule kukataliwa kulimwokoa.