Niliua Mtu Uskoti, Nikakamatwa Sehemu ya Tisa

“Ni mama wa supu. Watu wema kiasi hicho hawapo.”

Maneno tisa ya kubashiri muuaji, chini ya sehemu ya tisa ya hadithi yangu ya upelelezi niliyokuwa naiuza kwenye WhatsApp, mbele ya watu 212 waliolipa shilingi 3,000 kila mmoja ili wasome mpaka sehemu ya 24. Nilikuwa kituo cha basi, saa moja asubuhi, giza bado, na mvua ile ya huku Uskoti inayokuja kwa ubavu mpaka mwavuli unakuwa mzigo tu. Nikasoma mara tatu. Aliyeandika ni kijana muuguzi wa Dodoma, hata “samahani dada” hakuweka. Nikamtoa kwenye kundi palepale, nikapanda basi.

Msimu wa hadithi hiyo umeisha wiki iliyopita, na umeisha vibaya, nitawaeleza. Lakini ajabu ni kwamba tangu uishe simu yangu imejaa ujumbe wa wadogo zangu: dada, na mimi nataka kuandika hadithi ya mauaji ya kijiji cha Ulaya kama yako, nianzie wapi? Nimechoka kujibu mmojammoja. Najua hata wewe unayesoma hapa una daftari mahali, na ndani yake kuna maiti inayosubiri. Usibishe.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Mimi naziita hadithi za mauaji ya kunywea chai. Mtu anakufa, ndiyo, ila anakufa kwa adabu, pembeni, hatumuoni akigaagaa. Hakuna bastola, hakuna magari kufukuzana. Kuna kijiji, kuna marehemu ambaye nusu ya kijiji ilikuwa na sababu ya kumtakia mabaya, na kuna mpelelezi ambaye si polisi, anauliza maswali huku akimega keki. Wengi wetu tumelelewa na Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, na kiko chake, na huyo naye ni mjukuu wa Sherlock Holmes, ambaye mtunzi wake, Arthur Conan Doyle, alizaliwa Edinburgh mwaka 1859 na kumchonga kwa kumtazama mwalimu wake wa udaktari pale pale, Dk. Joseph Bell. Kwa hiyo mtu asiniambie habari za Uskoti hazituhusu.

Maana niliambiwa. Mhariri mmoja wa nyumbani, simtaji na kampuni yake siitaji, alikaa na mswada wangu miezi minane, akanijibu mistari miwili: wasomaji wetu hawamjui mtu wa Uskoti, hamishia Kinondoni. Nilimjibu moyoni tu. Nikihamishia Kinondoni, sumu yangu itaota wapi? Kila kitu katika hadithi ile kilisimama juu ya ua moja la huku, foxglove, refu kama mtoto wa darasa la pili, lenye vikombe vya zambarau vinavyoning’inia. Linajiotea kando ya barabara kama magugu. Dawa ya moyo ya digoksini, ambayo wazee wengi wanaimeza, ina undugu na sumu ya ua hilo. Ukishajua hivyo, umeshapata nusu ya hadithi. Ndiyo maana nikaamua kuiuza mwenyewe kwenye WhatsApp, sehemu kwa sehemu.

Mimi nilikuja kubeba boksi kama wengine. Nikapitia Glasgow, nikaishia Fife, kwenye ile pwani ya mashariki inayoitwa East Neuk, ambako vijiji vya wavuvi vimefuatana kama shanga: Crail, Anstruther, Pittenweem, St Monans. Cha kwangu sikitaji kwa sababu nafanya kazi humo, nahudumia wazee majumbani mwao. Mtoto wa Pangani nilishuka kwenye basi siku ya kwanza, nikafuata kichochoro chembamba kinachoteremka bandarini, wao wanakiita wynd, kuta pande zote mbili unaweza kuzigusa kwa mikono, na chini kabisa nikakuta madema yamepangwa gatini. Madema! Ya chuma na nyavu, si ya fito, ya kuvulia kambakochi na kaa, lakini dema ni dema. Nililia kidogo. Mzee mmoja akapita akaniuliza, “You all right, hen?” Hen ni kuku jike. Nikaacha kulia nikaanza kukasirika. Ilinichukua wiki kujua kwamba huku mwanamke akiitwa hen amepewa upendo.

Sasa ushauri. Wengi mnaanza na mandhari: milima, ukungu, ngome, sketi za wanaume. Acheni. Kijiji ni kazi ndogondogo zinazorudiwa kila siku bila mtu kuzitazama, na humo ndimo unapoficha muuaji wako. Mimi nilijifunza hilo kwa sare yangu. Nikiwa nimevaa nguo zangu, kijiji kizima kinaniona, siku ya pili tu walishajua natoka wapi na nimepanga kwa nani. Nikivaa ile blauzi ya kazi, hakuna anayeniona tena. Watu wanagombana mbele yangu kuhusu urithi kana kwamba mimi ni kabati. Basi mpelelezi wangu, Bi Mwanaidi, nikampa blauzi ileile. Nyumba nyingi za wazee tunaowahudumia zina kisanduku cha ufunguo ukutani chenye namba za siri, na namba hizo anazijua mhudumu, jirani, binti anayeishi Aberdeen, na mtu wa kupeleka magazeti. Mwandishi mvivu angevunja dirisha. Wewe tumia kisanduku.

Marehemu wangu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ukumbi wa kijiji, anataka kuuuza ukumbi. Huwezi kuelewa uzito wa jambo hilo mpaka uhudhurie jioni moja ya akina mama wa pale ukumbini, chama chao wanakiita Rural, kilianza mwaka 1917, na mashindano yao ya jemu na tablet ni vita baridi. (Tablet ni sukari, siagi na maziwa ya kopo vilivyochemshwa vikagandishwa; kashata bila nazi. Nilishika nafasi ya pili mwaka jana. Nasema tu.) Mzee yule anakufa Alhamisi usiku, moyo umesimama, kila mtu anasema amezidisha vidonge vyake vya moyo. Ni Mwanaidi anayefungua ile pakiti ya vidonge vya wiki, yenye vijumba vya Jumatatu mpaka Jumapili, na kuona kwamba Ijumaa ipo, Jumamosi ipo, Jumapili ipo. Hakuna kilichozidishwa. Sumu imetoka kwingine. Tukio hilo niliandika nikiwa nimesimama, kwa furaha.

Ijue saa ya mahali. Hapa niliaibika mapema, bahati nzuri kabla ya wasomaji. Ua langu linachanua mwezi wa sita, kwa hiyo mauaji yakawa mwezi wa sita. Nikaandika: saa tatu usiku, gizani, mtu anapita kichochoroni na sufuria ya supu, hakuna aliyemwona. Kwetu saa moja kiza kimeshaingia mwaka mzima, mkono uliandika wenyewe. Kuna babu mmoja ninayemuogesha asubuhi, mvuvi mstaafu, huwa namsimulia hadithi wakati namnyoa ili asitingishike. Alicheka mpaka povu la sabuni likamwingia mdomoni. Akasema mwezi wa sita saa hiyo yeye anasoma gazeti bustanini. Kweli, jua huku linazama saa nne usiku mwezi huo, na mwanga unabaki angani baada ya hapo. Mwezi wa kumi na mbili ndio linazama saa tisa na nusu alasiri. Nikamwambia basi babu hadithi imekufa, siwezi kuhamisha ua. Akanyamaza nikamaliza shavu la kushoto. Halafu akasema, “Put in the haar.”

Haar ni ukungu wa baharini wa pwani hii, unaingia majira ya kuchipua na kiangazi. Jua linawaka, ghafla unatazama baharini unaona ukuta mweupe unakuja, na baada ya robo saa huoni mlango wa jirani. Nikauleta saa tatu kasoro. Muuaji akapita na sufuria yake katikati ya mwanga, weupe mtupu, nyayo tu zinasikika. Ilikuwa nzuri mara kumi kuliko giza langu la Pangani. Kwa hiyo narudia, ijue saa. Ijue saa na uwe na mzee wa kumnyoa.

Ijue na sheria. Ukiiga tamthilia za Waingereza utaandika koroner na baraza lake la kuchunguza vifo. Uskoti hakuna. Kifo chenye utata kinakwenda kwa procurator fiscal, mwendesha mashtaka wa serikali, ndiye anayeamua kichunguzwe vipi. Baraza la mahakama, yaani jury, kwenye kesi kubwa ni watu 15, si 12. Na kuna jambo moja lililonifanya nikose usingizi kwa raha: ushahidi wa chanzo kimoja haumtii mtu hatiani. Lazima kuwe na wa pili wa kuuunga mkono. Hata mtu akikiri mwenyewe, kukiri peke yake hakutoshi. Fikiria hadithi hizi zinavyoisha, muuaji anakusanywa na wenzake sebuleni, analia, anakiri, tunakunywa chai. Uskoti asubuhi yake anaweza kurudi nyumbani! Nililieleza hili vizuri sana katika sehemu ya tano. Vizuri kupita kiasi, kama mtakavyoona.

Turudi kwa muuguzi wa Dodoma. Mama wa supu ndiye aliyekuwa muuaji, ndiyo. Mjane, mpole, anampelekea marehemu supu kila Alhamisi. Nilimfanya mwema mno, hilo nakiri, nilimpaka asali mpaka nzi wakaona. Kundi lilinishinikiza, siku ya tatu nikamrudisha yule kijana. Lakini kiburi kilishanipanda. Nikasema hata kama umejua, sasa hujui. Nikabadilisha muuaji. Sehemu ya kumi mpaka ya ishirini na nne nikamgeuzia kibao mzee wa bandarini, mtu wa madema, ambaye mpaka hapo kosa lake lilikuwa kutosalimia watu.

Wadogo zangu, msifanye hivyo. Msibadilishe muuaji kwa sababu mtu amemjua. Nasema kwa herufi kubwa moyoni mwangu: MSIBADILISHE. Ulichopanda sehemu ya kwanza kinakutolea ushahidi sehemu ya ishirini. Mzee wangu wa madema alikiri vizuri, alilia vizuri, na ndani ya dakika nne baada ya kuirusha sehemu ya mwisho, mama mmoja wa Tanga, msomaji wangu wa tangu mwanzo, hajawahi kunipinga hata siku moja, akaandika: “Mwanangu, kwa sheria uliyotufundisha sehemu ya tano, huyu haingii hatiani. Amekiri, na nini tena?”

Hakukuwa na nini tena. Ushahidi wote, supu, Alhamisi, jani lililokatwa bustanini, ulikuwa bado unamwonyesha yule mjane, kwa sababu mimi ndiye niliyeupanga hivyo miezi miwili nyuma. Watu walidai hela yao. Wachache, tisa, niliwarudishia. Ofisini nako nikaitwa, maana mtu alisikia naandika kuhusu wazee. Nikaeleza kwamba cha ndani ya nyumba ya mtu kinabaki ndani, na kwamba hakuna mteja wangu hata mmoja aliyemo. Ni kweli, na wewe fanya hivyohivyo, ukiandika kuhusu watu unaowahudumia badilisha kila kitu mpaka mama yao asiwatambue. Kijana wa siku hizi anadhani uandishi ni kipaji. Uandishi ni heshima. Unamheshimu msomaji, unaheshimu mahali, unaheshimu hata muuaji, humwachishi kazi katikati.

Basi wiki hii nimekaa, naandika upya kuanzia sehemu ya kumi. Mama wa supu amerudi mahali pake. Nimempunguzia utamu: sasa ana deni la kanisa, na anamchukia paka wa jirani. Ushahidi wa pili ninao, wa kwanza ni pakiti ya vidonge, wa pili ni bustani yake. Jumapili nilimeza mate nikamtumia muuguzi sura mpya kabla ya mtu mwingine yeyote. Sikumwomba radhi wazi, nilimwandikia tu, “Mdogo wangu, ipitie kwa jicho la kiuguzi.”

Alijibu jana usiku. “Sasa imekaa, dada. Swali moja tu. Lile bakuli la supu la Alhamisi, nani aliliosha?”

Nikafungua sehemu ya pili. Aya ya tatu, maneno yangu mwenyewe: Bi Mwanaidi anaingia asubuhi, anavua koti, anakunja mikono ya blauzi, na kabla hata hajaenda chumbani kumwamsha mzee, anaosha vyombo vya jana.