Kuishi kwa dokumentari za siasa ukiwa Moshi: jibu kwa aliyeuliza

Kijana aliyeuliza kama anaweza kuishi Moshi kwa kutengeneza dokumentari za siasa, na kama aanze na kampeni za uchaguzi, namjibu kama mtu aliyeifanya kazi hii kati ya Moshi na Arusha kwa miaka mingi: inawezekana, ila kampeni asianze nazo. Mkutano wa hadhara hurekodiwa na kila mwenye simu, na mgombea akishapanda jukwaani hana jipya la kukupa. Atakayenitajia Softie ya Sam Soko, iliyotoka mwaka 2020 na kumfuata Boniface Mwangi wa Kenya hadi kwenye kugombea ubunge, akumbuke kuwa nguvu ya filamu ile imo nyumbani kwa mgombea, kwa mkewe na watoto, na kwamba kuzoeleka kiasi hicho huchukua miaka.

Badala ya kampeni, hapo Moshi unayo KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Ilianzishwa mwaka 1933, ikafutwa pamoja na vyama vikuu vingine vya ushirika mwaka 1976, kisha ikarejea katika miaka ya 1980; humo mna bei ya kahawa, madaraka ya vijijini na mvutano wa mkulima na serikali, na baadhi ya wazee walioyaona hayo bado wapo. Kabla ya kuwafuata, omba kibali cha Bodi ya Filamu, kwa kuwa sheria ya mwaka 1976 inakitaka, kisha upite kwa mtendaji wa kijiji, la sivyo hata mwenyeji wako atakukwepa.

Mzee mmoja wa Kibosho alinisimulia jinsi fedha za chama chao cha msingi cha ushirika zilivyopotea, akaomba kuvaa visikilizio ajisikilize, akasikiliza hadi mwisho, ndipo akaniomba niliondoe jina moja, kwa sababu ukoo wa mtu huyo hugawana naye maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba. Niliondoa. Wapo wenzangu wanaouita uamuzi huo woga. Mimi naona kwamba filamu ikishatoka, mtengenezaji huwa mjini, na aliyesema ndiye anayesubiri zamu yake ya maji.

Kuhusu kipato, harusi na mahafali ndivyo vitakavyokulipia kodi ya nyumba. (Usividharau: ndiko nilikojifunza kurekodi tukio lisilorudiwa.) Asasi nazo hulipa vizuri, lakini nyingi hutaka filamu iishie kwenye mradi wao, hivyo mkataba useme wazi kwamba picha ghafi ni mali yako, kwani mahojiano yanayoonekana hayana kazi leo yanaweza kuwa filamu nzima msemaji akishafariki.

Ukipata fedha kidogo, nunua kwanza maiki nzuri ya kifuani, kamera baadaye, na mahojiano ya wazee uyapange nje ya masika, maana mvua ikishapiga bati hakuna programu ya kuhariri itakayokurudishia sauti.