Mama Pindo anajibu: "Nimeambiwa riba niiandike kwa herufi ndogo"

Shikamoo Mama Pindo. Mimi ni binti wa miaka 27, nachora matangazo katika ofisi moja hapa Dar es Salaam. Tulikuwa tunafanya kazi vizuri mpaka alipoletwa meneja mpya. Sasa hivi kila robo saa tunajaza fomu: umefanya nini, kazi ya mteja gani. Kila mchoraji atoe matangazo 8 kwa siku. Nikikaa dakika 20 nawaza, inahesabika sina kazi, kwa hiyo nimejifunza kusogezasogeza kipanya huku nawaza.

Wiki iliyopita aliletwa mteja wa mikopo ya simu. Nikachora mama wa genge anacheka, ameshika simu yake. Wakaisifu picha, ila wakaniambia maneno ya riba yawe madogo, rangi ya kijivu, chini kabisa. Nikafanya. Mama yangu mzazi ana genge Buguruni. Tangu siku hiyo usingizi wangu si mzuri. Wenzangu wananiambia sisi ni mikono tu, kichwa ni cha mteja. Ni kweli?

Mchoraji, Sinza

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na hilo neno "mikono tu" limenigusa kwa sababu na mimi nimewahi kuambiwa.

Nimechora kanga miaka 22 katika kiwanda kimoja cha nguo, kuanzia 1979. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina, yaani maneno yake. Watu wengi hudhani kazi kubwa iko kwenye mji, pale katikati panapoonekana. Kazi kubwa iko kwenye kona. Pindo la urefu linakuja na mpangilio wake, pindo la upana linakuja na wake, na pale yanapokutana ua halitakiwi kukatika wala kubanwa. Kuna korosho moja niliihangaikia siku moja na nusu. Nilikuwa naichora, naifuta, naenda dirishani, narudi. Mkia wake ulikuwa unaangukia nje ya mstari kila nikiizungusha. Siku ya pili mchana nikaona kumbe korosho haina haja ya kuzunguka, jani lake ndilo lizunguke. Kanga ile ilichapwa tena na tena kwa miaka.

Halafu akaja meneja aliyetaka michoro 10 kwa wiki kwa kila mchoraji. Tukaifikisha, wala hatukushindwa. Tulichukua embe la mwaka jana tukaligeuza kichwa chini, nyekundu tukaifanya rangi ya chungwa. Kwenye kona tuliweka kiboksi cheusi, pindo likaishia hapo, basi. Kwenye makaratasi ya ofisi tulikuwa tumeongeza kazi. Kule ghalani marobota yakarundikana. Nakumbuka mfanyabiashara mmoja wa jumla, mama wa Kariakoo, alifungua doti mezani, akapitisha kidole kwenye pindo hadi konani, akaikunja akairudisha. Hakusema neno. Meneja alisema soko limeharibika.

Nakueleza haya ili ujue kwamba fomu yako haikuzaliwa jana, na ina babu yake. Alikuwa Mmarekani, Frederick Winslow Taylor. Mwaka 1899 kampuni ya chuma ya Bethlehem, kule Pennsylvania, ilikuwa na vibarua wa kupakia chuma kwenye mabehewa. Kila mmoja alikuwa anabeba tani 12 na nusu kwa siku. Taylor na wasaidizi wake wakawapima kwa saa, kila hatua, kila pumziko, wakasema mtu aliyechaguliwa vizuri anaweza tani 47 na nusu. Kibarua wa mfano aliyekubali alitoka dola 1.15 kwa siku akalipwa dola 1.85. Piga hesabu mwenyewe: mzigo umekaribia mara nne, mshahara haujafika hata mara mbili.

Lakini kwangu mshahara si jambo zito kuliko yote katika habari ile. Zito ni kwamba Taylor alitaka akili ya kazi itolewe kwa mfanyakazi ipelekwe ofisini. Mfanyakazi asiamue ainame vipi wala apumzike lini. Ataambiwa. Kuna Mmarekani mwingine, Harry Braverman, ambaye kabla ya kuandika vitabu alikuwa fundi wa shaba kwenye karakana ya meli Brooklyn. Mwaka 1974 aliandika kwamba hapo ndipo kazi ilipopasuliwa vipande viwili, huku wa kuwaza, huku wa kutenda, na kwamba fundi akishanyang'anywa kuwaza anakuwa rahisi kubadilishwa na rahisi kulipwa kidogo. Mimi namwamini kwa sababu anaongea kama mtu aliyeshika nyundo.

Kwa hiyo wenzako wakisema "sisi ni mikono tu", wanaeleza hali iliyotengenezwa na watu, wakati fulani, kwa faida ya watu fulani. Hawaelezi maumbile.

Na usidhani kuhoji umeneja ni mambo ya Ulaya na Marekani peke yake. Mwaka 1971 TANU, chama kilichokuwa kinatawala, ilitoa tamko liitwalo Mwongozo, na ibara yake ya 15 ilimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, na kijitabu kile alikiweka mfuko wa shati mpaka kikachakaa kwenye mkunjo. Wafanyakazi wa viwanda vingi vya Dar es Salaam waliishika ibara ile kama silaha. Walisimamisha kazi, na mara nyingi hawakuwa wanadai pesa. Walikuwa wanadai meneja aliyewatukana aondoke. Baadhi yao walifukuzwa kazi kwa ajili hiyo. Lakini waliliuliza swali lako miaka zaidi ya 50 iliyopita, kwa Kiswahili, mbele ya geti la kiwanda.

Sasa tuje kwenye zile herufi za kijivu, maana naona ndizo zinazokunyima usingizi kuliko fomu.

Wanaofundisha masoko wanapenda kumtaja Peter Drucker, mwandishi wa vitabu vya umeneja, ambaye mwaka 1954 aliandika kwamba shabaha ya biashara ni kumuumba mteja. Mimi nimekaa na kanga, na kanga inanionyesha upande wa pili. Inavyosimuliwa, mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani, Unguja na Mombasa, walikuwa wananunua leso za mkononi zikiwa bado jora. Wanakata sita sita, wanazishona pamoja tatu juu tatu chini, wanajifunga. Wafanyabiashara walipoona, ndipo wakaagiza kitambaa cha ukubwa huo kikiwa kimechapwa kizima. Mombasa kulikuwa na Kaderdina Hajee Essak, aliyefungua duka 1887 na ambaye kanga zake hadi leo zina alama ya "Mali ya Abdulla". Watu wanamtaja kuwa ndiye aliyeanza kuweka maneno. Lakini maneno yenyewe yalitoka vibarazani. Hata sisi kiwandani, mama wa Kariakoo ndiye aliyekuja na kikaratasi: "Japo sipati tamaa sikati." Mnunuzi ndiye aliyejua atakayeyasoma ni nani, mume, wifi au jirani wa mlango wa pili. Sisi tuliyaandika kwa herufi kubwa, nyeusi, kwenye kiboksi chake, kwa sababu jina la kanga lisiposomeka toka upande wa pili wa uwanja, kanga haina kazi.

Unaona tofauti, binti yangu? Mauzo yote mawili. Moja linamsikiliza mnunuzi na kumwandikia maneno yasomeke. Lingine linamtazama anavyosoma ili lijue pa kumfichia ukweli. Na hilo la pili haliwezekani bila mchoraji. Mteja wako hajui kwamba kijivu juu ya nyeupe hupotea kwenye simu ndogo yenye kioo kilichopasuka, inayosomwa juani gengeni. Wewe ndiye unayejua. Kwa hiyo hawakuazima mikono yako. Wameazima ujuzi wako wa macho ya watu, na ndiyo maana hulali.

Najua unajiuliza pia lawama ni ya nani. Kubwa ni ya aliyeagiza na aliyeidhinisha. Kidogo ni yako, na sitakudanganya kwamba haipo, kwa sababu ningekudanganya ningekubaliana na wanaosema huna kichwa.

Sasa fanya hivi. Chora tangazo lile upya, toleo la pili. Mama wa genge abaki na kicheko chake, lakini pembeni ya uso wake, kwa herufi zinazolingana na za neno "mkopo", andika: ukichukua 100,000, utarudisha kiasi gani, siku gani, na usiporudisha inakuwaje. Peleka matoleo yote mawili kwa meneja na maelezo ya maandishi. Mwambie kwamba mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu za mikopo zinazofanya kazi bila leseni, kwa hiyo ofisi ina haki ya kumuuliza mteja leseni yake kabla ya kumbebea jina. Swali hilo ni la kibiashara kabisa, hawezi kukuita mkorofi. Watu mtaani mikopo hii wameshaipa jina, kausha damu. Ofisi yenu haitapenda kuhusishwa nalo.

Wakikataa toleo la pili, angalau utakuwa umejua unafanya kazi na nani. Usiache kazi kwa hasira ya siku moja. Mama ana genge, kodi ya nyumba ipo. Ila anza kutafuta.

Na ile fomu, acha kusogeza kipanya. Andika ukweli: "saa 4:15 hadi 4:45, nawaza." Zungumza na wenzako muandike wote siku moja. Fomu ya mtu mmoja iliyojaa "nawaza" ni uvivu wake, fomu za watu wanane ni habari ambayo meneja atalazimika kuipeleka juu.

*

Mama Pindo, salaam. Mimi niko upande wa pili. Nasimamia vijana sita katika kiwanda kidogo cha uchapaji Morogoro, wawili ni wachoraji. Mwenye mali ananidai takwimu kila mwisho wa mwezi. Nisipowahesabia saa niwapime kwa nini?

Meneja, Morogoro

Wa salaam, kaka. Nashukuru umeuliza, maana mameneja wengi hawaulizi.

Hesabu ziko, tena za kweli. Hesabu kazi zilizorudishwa na wateja na sababu zake. Hesabu wateja waliorudi wenyewe bila kuitwa. Hesabu karatasi iliyotupwa kwa sababu mchoro ulikimbizwa mashineni kabla haujakaa sawa, kwa kuwa karatasi ina bei na mwenye mali ataielewa haraka. Mpelekee hizo.

Kwa wale wachoraji wawili, chukua kiti ukae nao nusu saa kila Ijumaa, bila kalamu. Mwambie kila mmoja akuonyeshe kazi moja ya wiki ile aliyoirudia ingawa hakuna aliyemwagiza airudie, na akuonyeshe pale hasa alipoigusa. Mwanzoni watakuonyesha ile wanayodhani unaitaka. Wiki ya tatu au ya nne mmoja atakunyooshea kidole kwenye kona fulani ambayo wewe ulikuwa hujaiona.