Injini ya 1KR kutetemeka gari likiwa limesimama

Ndugu, umesema Vitz yako ya 1KR-FE inatetemeka ukisimama kwenye taa, na taa nyekundu ya oili humweka ukikata kona. Anza na oili, tena leo. Zima injini, subiri dakika chache gari likiwa sehemu tambarare, kisha chomoa kijiti upime. Injini hii hubeba oili kidogo, kama lita 3 tu, kwa hiyo ikipungua lita moja, kwenye kona pampu inaweza kuvuta hewa badala ya oili. Cheni ya taimingi, ile inayopanga mwendo wa valvu na pistoni, nayo hutegemea oili hiyo hiyo. Usiendeshe hivyo hata kwenda gereji, ongeza kwanza.

Kutetemeka ni jambo jingine. Hii ni injini ya cc 996 yenye silinda tatu, na mtetemo kidogo ni wa kawaida kwake. Ukiwa umezidi, au gari linakosa nguvu, inawezekana silinda moja haiwaki. Mwambie fundi ahamishe koili moja (kifaa kinachoipa plagi umeme wa kuwasha) kwenda silinda nyingine: tatizo likihama nayo, koili ndiyo mbovu. Lisipohama, akague plagi na nozeli inayopuliza mafuta. Throto (mlango wa hewa inayoingia kwenye injini) yenye masizi na raba za kushikilia injini zilizochoka pia huleta mtetemo, na watu wengi hununua koili bure kabla ya kuzitazama.

Akiwa hapo atazame pampu ya maji. Alama za kulanti (maji ya kupoza injini) iliyokauka chini yake zinaonyesha inavuja.