Nilipigwa tochi tano ndani ya miezi miwili

Mjomba alinipigia simu saa tatu asubuhi, nikiwa Kariakoo nasubiri kufungiwa mzigo wa misumari na bawaba. Hakusubiri shikamoo yangu, na yeye si mtu wa kuacha salamu.

"Hii gari ina madeni sita. Unayajua?"

Alikuwa amesimamishwa Kimara, anampeleka mkewe kliniki. Trafiki aliingiza namba za gari, Toyota Noah ya mjomba, kwenye mashine yake, orodha ikatoka ndefu, akaanza kuisoma kwa sauti moja baada ya nyingine huku mke wa mjomba amekaa kiti cha mbele anasikia yote. Mjomba ameendesha magari tangu mimi sijazaliwa. Jioni aliniambia kuwa pale barabarani alijisikia kama amevuliwa shati mbele za watu.

Niliyajua matano kati ya hayo sita: faini za mwendo kasi ambazo sikuwa nimezilipa, nilizopigwa tochi, yaani trafiki kunipima mwendo kwa kifaa chake. Karatasi zake nilikuwa nimezikunja na kuzichomeka chini ya zulia la upande wa dereva.

Nilikuwa na miaka 22, leseni yangu ina miezi minane. Kila Ijumaa usiku au Jumamosi alfajiri nilikuwa natoka Mbezi na mzigo wa duka la mjomba lililoko Korogwe, narudi Jumapili. Safari hiyo ni chini kidogo ya kilomita 300: Kibaha, Mlandizi, Chalinze, unakata kulia kwenda Msata, unavuka daraja la Wami, Mbwewe, Mkata, Kabuku, Segera, halafu Korogwe. Anayeijua barabara ile anajua pia vibao vyake. Kila penye nyumba kumi na kibanda cha chipsi pana kibao cha 50, yaani usizidi kilomita 50 kwa saa.

Kama wewe ni dereva mpya na umeshapigwa tochi mara ya pili, ya tatu, nakuandikia wewe. Najua unavyojisemea, kwa sababu na mimi nilijisemea hivyo hivyo: leo bahati mbaya, walijificha, mbona yule wa mbele hawakumsimamisha. Ukiwa na tochi moja huenda ni bahati mbaya. Zikifika tatu, kuna kitu unakifanya kila mara, na hujakiona.

Mimi nilikiona siku mjomba aliponikalisha mezani na orodha. Hakunigombeza. Alinipa kalamu akaniambia nieleze kila deni: ilikuwa wapi, saa ngapi, nilikuwa nafanya nini. Deni la sita lilikuwa la binamu yangu aliyeliazima gari kwenda Kibaha bila kufunga mkanda. Hilo tuliliweka pembeni, ingawa tangu siku ile kuna daftari ndani ya Noah na kila anayeshika usukani anaandika jina, tarehe na saa. Gari la watu watatu bila daftari ni ugomvi unaosubiri siku yake.

Yakabaki matano yangu. Mwendo ulioandikwa ulikuwa 63, 71, 68, 74 na 66. Hakuna hata moja ya kutisha, na ndiyo maana nilikuwa sijishtukii. Mimi nilijiona dereva mtulivu. Sipiti magari kwenye kona, sinywi, sishiki simu. Lakini nilipoanza kukumbuka sehemu yenyewe, zote zilikuwa za aina mbili tu. Tatu zilikuwa mara tu baada ya kibao cha 50, pale unapoingia kijijini. Mbili zilikuwa mwishoni, kibao cha 50 kilichokatwa mstari kiko mbele yangu nakiona, na mguu umeshaanza kukandamiza mafuta.

Hapo ndipo nikaelewa kwamba sikuwa naendesha kwa kufuata vibao, nilikuwa naendesha kwa kufuata nyumba. Nikikiona kibao cha 50 lakini sijaona watu, naachia mafuta taratibu, nasubiri gari lijipunguze lenyewe. Noah yenye mzigo wa misumari haijipunguzi. Inapita kibao na 75, inafika nyumba ya kwanza na 68, na afande yuko chini ya mwembe kati ya kibao na nyumba hiyo. Nikimaliza nyumba za mwisho naona kijiji kimekwisha, naongeza. Kijiji kwa mujibu wa sheria hakijaisha mpaka kibao kilichokatwa kiwe nyuma yako.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kabla ya mambo ya faini na mashine: chukua orodha yako, kaa nayo, andika pembeni ya kila deni ulikuwa sehemu gani ya kijiji. Utashangaa. Rafiki yangu mmoja aliyefanya hivyo aligundua tochi zake zote ni za Jumapili jioni, yaani haendi mbio kwa tabia, anachelewa kuondoka kwao. Dawa yake na dawa yangu hazifanani.

Dawa yangu ilikuwa breki. Nafika 50 kabla ya kibao, si baada yake. Nikikiona kwa mbali naweka mguu kwenye breki, nahakikisha mshale uko kwenye 50 wakati kibao kinapita dirishani kwangu. Na kutoka, naongeza mafuta kibao kilichokatwa kikishapita dirishani hapo hapo. Wiki ya kwanza ilinichosha. Nyuma yangu magari yananipigia honi, wengine wananipita wananiangalia kama mgonjwa. Baada ya safari nne au tano mguu ukazoea wenyewe.

Na kutegemea taa, acha. Nilikuwa mmoja wa wale wanaosubiri gari linalotoka mbele liwapigie taa kwamba kuna trafiki ndipo wapunguze. Ni utaratibu wa upendo kati ya madereva, nakubali, lakini unakufundisha kumtafuta trafiki badala ya kumtafuta mtoto anayevuka. Tena siku hizi haukusaidii. Anayekupiga tochi si lazima awe ndiye anayekusimamisha. Picha inatumwa kwa simu, wewe unapita kwa raha zako, kilomita mbili mbele mwenzake mwenye sare nyeupe ananyoosha mkono akiwa tayari na namba zako.

Mjomba alinipa hesabu moja ambayo sijaisahau. Safari iliyofuata tulikwenda wote, yeye akiendesha, mimi nikihesabu vipande vya 50 na urefu wake kwa kilomita za dashibodi. Tulipata vipande 24, kwa wastani kilomita moja na nusu kila kimoja, jumla kilomita 36. Ukivipita vyote kwa 50 unatumia dakika 43. Ukivipita kwa 70, dakika 31. Yaani safari nzima ya kuanzia Mbezi hadi Korogwe, ukivunja sheria kila kijiji bila kukosa hata kimoja, unaokoa dakika 12. Mimi nilikuwa nasimama Segera kula chipsi mayai nusu saa.

Faini ya papo kwa papo niliyoandikiwa ilikuwa shilingi 30,000 kwa kosa moja. Makosa matano ni 150,000, na hapo hujaweka nyongeza ya kuchelewa. Mjomba alikuwa ananilipa 40,000 kwa safari.

Hesabu ya pili niliifanya mwenyewe, na ndiyo iliyonibadilisha kuliko ya pesa. Chukua gari lenye breki nzima, barabara kavu, dereva anayeshtuka ndani ya sekunde moja. Akiwa na 50, tangu anapomwona mtu mpaka gari linasimama, ametembea kama mita 28. Mwenzake mwenye 70, akimwona mtu huyo akiwa pale pale, anapofika hiyo mita ya 28 bado ana mwendo unaozidi 55. Soma tena polepole. Pale ambapo wa 50 ameshasimama na anashusha pumzi, wa 70 anapita kwa kasi kubwa kuliko aliyoanza nayo mwenzake. Sababu ni kwamba ile sekunde ya kushtuka imemla mita 19, halafu breki nayo inahitaji karibu mara mbili ya umbali. Ninapopita Mkata sasa, watoto wa shule wamepanga mstari pembeni ya lami na sweta zao, nafikiria ile mita ya 28.

Sasa madeni yenyewe. Kosa langu kubwa kuliko mwendo lilikuwa zulia. Karatasi niliyoificha haikufa. Deni lilikaa kwenye namba za gari, likasubiri. Mtandao wa polisi wa kuangalia madeni ya makosa ya barabarani uko wazi kwa kila mtu: unaingiza namba ya gari au namba ya leseni, unaona kosa, mahali, tarehe na kiasi. Mwenye gari anaweza kuangalia leo usiku akiwa kitandani. Trafiki yeyote anaweza kuangalia kesho Kimara. Usipolipa ndani ya muda uliopewa, linaongezeka, na gari lenye madeni linaweza kuzuiwa mpaka ulipe.

Mimi na mjomba tulikubaliana hivi. Deni la zamani kuliko yote nililipa siku hiyo hiyo kwa akiba yangu ndogo, kwa sababu ndilo lililokuwa limeshaongezeka. Mawili yeye alinikopesha. Yaliyobaki nililipa moja moja, kila wiki moja, na pesa yake aliikata kwenye safari zangu mpaka ikaisha. Kila deni lina namba yake ya kumbukumbu, unalipia kwa simu kwenye malipo ya serikali au kwa wakala. Usifute ujumbe wa malipo. Siku iliyofuata rudi kwenye mtandao uone kama deni limeondoka. Likiwa bado lipo, huo ujumbe ndio shahidi wako.

Soma kila deni kabla ya kulilipa. Watu wengi wanaona jumla tu wanalipa kwa hasira. Angalia kama siku ile gari lilikuwa huko kweli. Mfumo wa papo kwa papo ni wa anayekiri kosa. Kama hukulitenda, una haki ya kulikataa na kulipeleka mahakamani, na sheria yetu ya usalama barabarani ya mwaka 1973 inakupa nafasi hiyo. Lakini usitumie haki hiyo kama vitisho wakati moyoni unajua ulikuwa na 74.

Ukisimamishwa, simama. Zima redio, shusha kioo, mikono ionekane. "Shikamoo afande" kwa aliyekuzidi umri, au "habari za kazi" kwa mnayelingana. Kisha omba kwa adabu kuona picha: "Afande, naomba nione picha ya tochi." Hilo si kosa na wala si ubishi. Kwenye picha tazama mambo matatu: namba ni yako, mwendo ni upi, na saa inalingana na muda uliopita pale. Tochi yangu ya nne niliomba kuona, nikaoneshwa bila shida, nikakuta ni mimi kabisa, mzigo hadi juu ya paa. Nikasema nimekosa afande, niandikie. Ilichukua dakika tano.

Abiria watakwambia "malizana naye hapo hapo." Nilikuwa na rafiki aliyenishauri hivyo kila safari, na nakiri tochi ya pili nilishika noti mkononi nikairudisha mfukoni. Usifanye. Kwa sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007, anayetoa ana kosa sawa na anayepokea. Unakuwa umetoka kwenye kosa la barabarani la 30,000 umeingia kwenye jinai itakayokufuata kila utakapoomba kazi. Na kwa dereva kijana, ukishazoea kumaliza kwa elfu tano hutajua kamwe kwamba una tatizo. Orodha yako itakuwa safi na mguu wako utakuwa ule ule.

Kuna jambo kuhusu kuendesha gari la mtu wa nyumbani. Mjomba aliniambia kwamba faini hazikumuumiza sana, ni zile wiki saba za kula naye meza moja nikiwa najua na yeye hajui. Nililia, sioni haya kusema. Kama umepigwa tochi na gari la baba, la shangazi, la kaka, la bosi, mpigie simu ukiwa bado pembeni ya barabara. "Baba shikamoo, nimeandikiwa hapa Mlandizi, nilikuwa na 66, nitalipa Ijumaa." Ni sentensi ngumu, lakini inaisha. Nimeshaisema mara moja tangu wakati ule, Machi mwaka jana, 58 pale Mbwewe, na mjomba alijibu "haya, endesha taratibu," akakata simu.

Na kama unanunua gari lililotumika hapa hapa nchini, ingiza namba zake mtandaoni kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba, mbele ya muuzaji, kwenye simu yako wewe. Binamu yangu alinunua Vitz mwezi wa nane. Tuliangalia tukiwa tumekaa ndani yake, na muuzaji ilibidi alipe madeni manne kwanza ndipo tukaandikishana.